Mama Orpa Nabulizi: Miaka Ishirini na Miwili ya Kulisha Vyombo vya Watu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Orpa Nabulizi anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Amana ya Nakivale kwa miaka ishirini na miwili, miezi minne na siku ishirini na nne. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi yetu ya Kamukuzi, pale Mbarara, ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka ishirini" kwenye rasimu ya ratiba hii. Aliirudisha ikiwa imezungushiwa duara la wino mwekundu, akasema mtu aliyehesabu vitu vya wenzake maisha yote hastahili kuhesabiwa kwa kukadiria.

Kwa wageni watakaokuwa nasi kwa mara ya kwanza: Nyumba ya Amana ni stoo ndefu ya matofali kando ya ziwa, ambamo wakimbizi na wenyeji huweka vitu vya kale vya familia zao. Humo mna ngoma, vikapu, vigoda, vyano, mikuki na vyombo vya maziwa. Nyuma ya stoo kuna shamba la nyasi linaloshuka hadi kwenye kinamasi cha mafunjo, navyo pia tunavitunza. Vitu vya stooni si mali yetu. Mwenye kitu ana karatasi yake, sisi tuna jukumu tu.

Mama Orpa alizaliwa Lemera, Kivu Kusini, mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa muhogo na maharage. Alifika Nakivale mwaka 2001 akiwa na watoto watatu. Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa hapa kama mfagizi, na kwa miezi ya mwanzo alifagia kwa bidii mpaka mkurugenzi wa wakati ule akalalamika kwamba sakafu inaisha. Miaka mitatu baadaye alikabidhiwa funguo za stoo. Katikati ya ufagio na funguo kuna kisa ambacho yeye mwenyewe hupenda kukisimulia, kwa hiyo hatatulaumu tukikiweka hapa.

Mwaka 2004 Bibi Kenyangi wa Bwizibwera alituletea vyombo sita vya maziwa vya mama yake, vile vya mti vilivyochongwa ambavyo Wanyankore huviita ebyanzi. Wanawe walikuwa wameanza kupeleka maziwa sokoni kwa makopo ya chuma, na vyombo vile vilikuwa vimekaa bila kazi. Mama Orpa alipovipokea alivinusa ndani, akasikia harufu ya moshi. Kwa binti wa Lemera, chombo chenye harufu ya moshi ni chombo kilichosahauliwa jikoni. Akachukua maji ya moto na sabuni ya mche, akavisugua vyote sita hadi vikawa vyeupe, akavianika juani kwenye jani la mgomba. Alasiri viwili vilikuwa vimepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni.

Kinachojulikana na kila mtoto wa wafugaji huku, ila hakikujulikana na Mama Orpa, ni kwamba chombo cha maziwa hufukizwa. Nyasi huchomwa ndani ya chungu kidogo, chombo hufunikwa juu yake, moshi huingia ndani ya mti, na ndio unaozuia wadudu na kuyapa maziwa ladha yake. Kazi ya miaka arobaini ya mama mzazi wa Bibi Kenyangi ilikuwa imeondoka kwa sabuni moja. Bibi aliitwa, akaja, akavitazama vyombo vyake kwa muda mrefu. Alisema neno moja tu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe mama, hii hapana sufuria."

Wengine wangeomba radhi na kukimbilia kwenye ufagio. Mama Orpa aliomba radhi, kisha akaomba afundishwe. Kwa Jumamosi tisa mfululizo alipanda gari hadi Bwizibwera akakaa jikoni kwa Bibi Kenyangi, akajifunza nyasi zipi hukatwa, hukaushwa siku ngapi, na chombo hugeuzwa lini. Alirudi macho mekundu, nguo zikinuka moshi, na watoto wake walimkataza kukaa karibu nao kanisani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: vyombo vinne vilipona, na vile viwili vilivyopasuka bado viko kwenye rafu, vikiwa na kibandiko alichokiandika yeye kwa mkono: "Hivi nilipasua mimi. Orpa." Wakurugenzi watatu wamejaribu kukiondoa kibandiko hicho, na wote wamehama kikiwa palepale.

Kutokana na kosa hilo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao leo tunauita wa Nyumba ya Amana, ingawa kwa haki ni wa Mama Orpa. Kabla ya kupokea kitu chochote, anamketisha mwenyewe, anampa chai, anamuuliza: "Hii kitu inakulaka nini?" Swali hilo limewachekesha wengi, lakini kila mtu amelijibu. Chombo cha maziwa kinakula moshi. Ngoma ya Warundi inakula samli. Kigoda cha Mubembe mmoja wa Kongo kinakula mafuta ya mawese, tena ya Jumapili tu. Kisha huuliza nani anaruhusiwa kukishika na nani haruhusiwi. Majibu yote yameandikwa katika madaftari kumi na manne, kwa mwandiko ambao ni yeye na Mungu tu wanaoweza kuusoma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye huongeza kwamba mali yenye kompyuta peke yake hupotea umeme ukikatika.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya, Venuste, nilijiunga mwaka 2008 kama mtunza nyasi na mhesabu ndege. Ukweli unanilazimisha kusema kwamba nami nina kosa langu, na Mama Orpa hatakubali wasifu huu uchapwe bila hilo. Mwaka 2014, yeye akiwa likizo, niliona vumbi kwenye kikapu cha Mama Marcienne wa Rubondo, kile chenye kifuniko kirefu ambacho kwetu Burundi hupelekwa arusini. Nikakifunga kwenye nailoni mara tatu, nikakifungia kabatini, nikajipongeza. Mwaka uliofuata Mama Marcienne alikuja kukichukua kwa ajili ya arusi ya binti yake. Nilipofungua nailoni, bungua walikuwa wamekula chini, ukungu umekula juu, na nilichomkabidhi kilikuwa karibu na unga.

Mama Orpa hakunikaripia mbele ya mwenye kikapu. Alisubiri mpaka ameondoka, akaniambia niende Rubondo kwa baiskeli siku hiyohiyo kuomba radhi nyumbani kwake, mbele ya bwana harusi. Nilikwenda. Sijawahi kuona aibu vile tangu nizaliwe. Jioni, niliporudi, alikuwa ameshapata fundisho kutoka kwenye unga ule, akalisema waziwazi: vikapu vilivyokuwa vinatoka kwenda arusini vilikuwa vizima, na kile kilichokaa kifungoni ndicho kilichokufa. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba kila kitu stooni lazima kitoke angalau mara moja kwa mwaka kwenda kwa watu wake. Kikienda, kinabeba kikaratasi kinachosema kinakula nini, na kinarudi kikiwa kimekula.

Nyasi nazo zina kisa chao. Vilima vya karibu vilipolimwa mahindi, nyasi za kufukizia zikaanza kuadimika, ndipo Mama Orpa akatuomba tuzungushie ua ule mteremko wa nyuma. Tulidhani tunafuga nyasi za vyombo. Mwaka 2016 korongo taji wawili walijenga kiota palepale nyasi zinapokutana na mafunjo, wakataga mayai mawili. Mama Orpa akatangaza kwamba hakuna panga litakaloingia mle mpaka makinda yaruke. Kwa miezi miwili na nusu vyombo havikuwa na chakula, hivyo alivipakia kwenye gari la abiria kwenda kufukiziwa Bwizibwera, akavirudisha magotini vikiwa bado vinatoa moshi, na utingo akauliza kama gari linaungua. Makinda yote mawili yaliruka. Leo tunahesabu jozi tano za korongo katika kinamasi hicho, na mhesabu mkuu ni mimi, lakini mwenye ndege ni yeye.

Sasa tufike mahali ambapo sote tulishikwa na hofu.

Mwaka jana ilikuja barua kutoka kwa wafadhili wetu. Walisema stoo yenye moto ndani yake na vitu vinavyozurura vijijini si stoo salama. Pasipokuwa na mabadiliko, vitu vyote mia mbili na kumi na vinne vitahamishiwa ghala moja kubwa Kampala, penye hewa baridi na walinzi. Wenzangu kadhaa hawakuona ubaya. Jengo zuri, mlango wa chuma, nani anakataa? Mama Orpa alikataa. Aliomba nafasi katika kikao cha Kamukuzi, akasimama na mkoba wake wenye kufuli, akasema kwa ufupi: "Kitu yenye mutu hawezi kwenda kusalimia, ile imeshapotea." Kisha akaeleza kwa utulivu nauli ya kutoka Juru, kijiji cha hapa Nakivale, hadi Kampala ni kiasi gani, na bibi wa miaka sabini atakaa kwenye basi saa ngapi ili aone ngoma ya marehemu mumewe kupitia kioo.

Lazima tuseme pia kwamba hakukataa yote. Kuhusu moto, alikubali mara moja kwamba wafadhili wana hoja. Kesho yake aliwaita wenye vitu, na ndani ya majuma mawili kulikuwa na kibanda cha kufukizia hatua arobaini kutoka stooni, kimejengwa kwa matofali ambayo kila familia ilileta kumi. Lakini kuhusu kutoka kwa vitu hakurudi nyuma hata inchi. Wafadhili wakajibu kwamba watamtuma mkaguzi, na siku ya ukaguzi kila kitu kilichomo daftarini lazima kiwe kwenye rafu yake. Kikikosekana kimoja, vyote vitahama.

Barua ya tarehe ya ukaguzi ilitufikia Jumatano ya Majivu mwaka huu. Ukaguzi ungekuwa Jumatatu, tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi. Wakatoliki wanajua maana yake: kila aliyetaka kuoa kabla ya Kwaresima alikuwa ameoa Jumamosi iliyotangulia, na vitu vyetu thelathini na kimoja vilikuwa bado vijijini, vimepumzika kwa wakwe. Mama Orpa alifungua daftari la kutoka, akaanza kupiga simu. Ijumaa mvua ikaanza kunyesha na haikukatika. Hata hivyo vitu vilirudi. Vigoda vilikuja juu ya vichwa, ngoma ilikuja kwa mtumbwi ikiwa imefunikwa turubai, vikapu vilikuja ndani ya sufuria kubwa za arusi ili visilowe. Mama Marcienne alitembea kutoka Rubondo akiwa na kikapu chake kipya, alichokisuka mwenyewe baada ya kile changu, na alinikabidhi mimi huku akinitazama sana. Jumapili jioni vilikuwa vimefika thelathini.

Kilichobaki kilikuwa chombo kikubwa kuliko vyote vya Bibi Kenyangi. Kilikuwa kimeazimwa na Sajini Muhire wa kambi ya jeshi ya Makenke, kwa sherehe ya kuhingira, yaani kumkabidhi binti yake kwa wakwe. Sajini ni mlokole wa kupindukia, mambo ya Kwaresima hayamhusu, na sherehe yake ilikuwa Jumamosi ya tarehe 8. Alikuwa ameahidi kwenye simu kukirudisha Jumapili, lakini siku hiyo simu yake haikupatikana. Usiku ule Mama Orpa hakulala, na asubuhi alikuja kazini amevaa kitenge chake cha Pasaka, kana kwamba anakwenda kuzika au kuoza binti, hajui lipi.

Mkaguzi alikuwa Bi. Sonia, mwanamke mpole mwenye kalamu kali. Alianza saa nne kamili. Alihesabu rafu kwa rafu, akagusa, akanusa, akaandika. Alisimama sana mbele ya vyombo viwili vilivyopasuka, akasoma kibandiko, akauliza Orpa ni nani. Mama Orpa akainua mkono kama mwanafunzi. Bi. Sonia akasema amekagua stoo nyingi na hajapata kuona inayoandika makosa yake ukutani, kisha akaendelea. Saa tano na robo alifika rafu ya mwisho, akakuta nafasi tupu, duara safi katikati ya vumbi jembamba. Akauliza kilichokuwa hapo kiko wapi. Mama Orpa akajibu ukweli, kwamba kiko arusini Makenke na hajui kama kitafika. Bi. Sonia akashusha kalamu, akaanza kuandika.

Hapo ndipo tuliposikia bodaboda. Sajini Muhire alishuka akiwa na suti ya arusi, matope mpaka magotini, na chombo kifuani kimezungushiwa sweta lake la jeshi. Pikipiki mbili zilikuwa zimemharibikia njiani, na simu yake ilikuwa imezama kwenye dimbwi tangu Jumapili. Alipiga saluti, hatujui kwa nani, akasema: "Mama, chombo imefika. Hesabu sasa." Bi. Sonia alikipokea yeye mwenyewe. Alikisogeza puani, akauliza kwa nini kina harufu mpya ya moshi. Sajini akashangaa kuulizwa. Akatoa mfukoni kikaratasi cha Mama Orpa, kilicholowa, akamsomea: "Kinakula moshi wa nyasi. Kirudishwe kikiwa kimekula." Mama mkwe wake alikuwa amekifukiza alfajiri, kabla hajaondoka.

Bi. Sonia alirudisha chombo kwenye duara lake. Kisha alimwomba Mama Orpa chai, wakakaa nje saa nzima, na alipoondoka alikuwa amenakili kurasa sita za madaftari yale, mwandiko na yote. Tarehe 22 Aprili barua ilikuja Kamukuzi. Ilikuwa na kurasa nne, lakini sisi tuliikumbuka sentensi moja tu: vitu vibaki vilipo, viendelee kutoka na kurudi. Mkurugenzi aliisoma kwenye spika ya simu. Huku Nakivale tulipiga vigelegele, mimi nikiwemo, na sioni haya.

Tungeweza kuishia hapo, lakini juma lililopita limetulazimisha kuongeza ukurasa.

Jumanne ya tarehe 17 Juni, nilipokuwa nimekaa mezani kujifunza kazi ninayoirithi, Mama Orpa aliingia kwa mlango wa wateja. Hakupita nyuma ya meza kama kawaida yake. Alipanga foleni nyuma ya mzee mmoja aliyeleta mkuki, na zamu yake ilipofika alifungua kufuli ya mkoba, akatoa ukanda wa kubebea mzigo. Ni ule wanaousuka mama wa milima ya Kivu kwa maganda ya mti, unaopita kwenye paji la uso na kushikilia mzigo mgongoni. Umekuwa mweusi kwa jasho. Mama yake aliusuka Lemera, na kwa ukanda huo yeye alibeba sufuria, mahindi na mtoto mdogo hadi kuvuka mpaka.

Katika miaka ishirini na miwili hatukujua kwamba anao. Amepokea vitu vya watu mia mbili, na chake kilikuwa nyumbani chini ya godoro. Niliuliza kwa nini hakukileta mapema. Hakuzunguka: "Sikuileta sababu nilikuwa naogopa siku moja batavipeleka fasi ya mbali. Sasa najua havitahama." Nikafungua daftari, naye akanikumbusha kwamba bado sijamuuliza maswali. Nikamuuliza. Kuhusu nani anaruhusiwa kuushika, alisema mtu yeyote mwenye mzigo. Kuhusu unakula nini na unawekwaje, alisema: "Musiitundike ku ukuta. Mutu akikuya na muzigo, mumupatie."

Nikauandika: namba mia mbili na kumi na tano.

Mama Orpa, ndugu zako wa Nyumba ya Amana, wa Nakivale na wa Kamukuzi, tunakushukuru kwa moshi, kwa samli, kwa korongo, na kwa kutufundisha kwamba kosa huandikwa na kubandikwa panapoonekana. Bibi Kenyangi anakuletea debe la maziwa Ijumaa, na ameagiza usilioshe. Uwe na siku ndefu, afya, wajukuu wenye kelele na sombe ya majani ya muhogo isiyokauka mezani. Maisha mema yakupokee kama ulivyotupokea.

Na kwa wageni watakaotaka kuuona ukanda wake siku ya sherehe, tunaomba radhi: hautakuwepo. Alhamisi iliyopita mama mmoja, aliyefika kutoka Kivu mwezi huu, alipita mlangoni kwetu na mgao wake wa mahindi na maharage, akiuburuta chini kwa kipande cha kitenge kilichokwisha kukatika. Nilimtazama Mama Orpa, naye akaniangalia kuona nitafanya nini. Nikaandika jina la yule mama katika daftari la kutoka, nikampatia.